Jinsi Nilivyolifuata Jina la Murgatroyd Hadi Bonde Lilikozaliwa

Kwa muda mrefu niliambiwa, tena na watu ninaowaheshimu, kwamba nisipoteze wakati kutafuta asili ya jina la ukoo la mume wangu, kwa hoja kwamba jina lenyewe ni adimu mno na kumbukumbu zake haziwezi kuwa nyingi. Ushauri huo ni mbaya, na unaendelea kuwakatisha tamaa watu wengi bila sababu, kwa kuwa ukweli ni kinyume chake kabisa: uadimu ndio uliotuvusha. Mtu anayeitwa Smith ndiye mwenye kazi ngumu, maana katika sensa ya mwaka 1881 akina Smith wa Uingereza, Wales na Scotland walizidi 400,000, nao walikuwa wametapakaa kila kaunti, kwa sababu Smith maana yake ni mhunzi, na kila kijiji kilikuwa na wake. Jina la mume wangu ni Murgatroyd. Wenye jina hilo ni wachache, chimbuko lao ni eneo moja dogo, na eneo hilo linaweza kuonyeshwa kwa kidole kwenye ramani.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na makazi yangu ni Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, tangu nilipoolewa. Wanangu wanalibeba jina hili, na kila wanapolitaja mbele ya karani au mwalimu mgeni hutazamwa mara ya pili. Binti yangu mkubwa alipopewa kazi ya shule ya kueleza nasaba yake, upande wangu nilimtajia babu, baba wa babu na babu wa babu bila kufungua karatasi yoyote, pamoja na miji yao na sababu za kuhama kwao. Upande wa baba yake kulikuwa na hadithi mbili tu: kwamba ukoo ulikuwa wa mabwana wakubwa wa Cornwall, kusini magharibi kabisa mwa nchi, na kwamba ulikuwa na nembo yake. Nilikataa mwanangu aandike jambo ambalo hakuna aliyewahi kulihakikisha, nikaianza kazi.

Hadithi ya Cornwall ndiyo iliyotuchelewesha kuliko kitu kingine chochote, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu najua koo nyingi zina hadithi ya namna hiyo. Baba mkwe wangu ni mtu makini, fundi mstaafu wa mashine za kufumia, asiyependa porojo, ndiyo maana maneno yake yalikuwa na uzito. Alipokuwa mdogo mama yake alimsimulia kwamba akina Murgatroyd walikuwa mabaroneti, yaani watu wenye cheo cha kurithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, katika kijiji kimoja cha pwani ya Cornwall. Kwamba mwanamke aliyechomwa moto kwa kosa la uchawi aliwalaani kabla ya kukata roho. Na kwamba ndani ya jumba lao picha za mababu zilikuwa zikishuka kutoka ukutani usiku kumkaripia mrithi. Mambo ya picha niliyaweka kando, kwani kila ukoo una masimulizi ya kuwatisha watoto. Kijiji cha pwani na cheo cha ubaroneti, hata hivyo, ni vitu vinavyoweza kupimwa.

Tukavipima. Vitabu vya parokia za Cornwall vimewekewa faharasa na watu waliojitolea kwa miaka mingi, na kuzisoma hakuna malipo. Tulipita parokia baada ya parokia, hasa zile za pwani, tukikutana na majina yanayoanza kwa Tre, Pol na Pen ambayo ndiyo alama ya watu wa huko, na katika zote tulizozipitia hatukumkuta Murgatroyd wa karne ya 17 wala wa karne ya 18. Cheo cha ubaroneti nacho kilianzishwa na Mfalme James I mwaka 1611, na kila aliyewahi kukipata aliandikwa, kwa hiyo orodha ipo; tuliipekua, nako jina hatukuliona. Mume wangu alikuwa tayari kusema kwamba kumbukumbu zimepotea. Mimi sikukubali, kwa sababu watu wenye jumba, ardhi na cheo huwa na kesi mahakamani, mikopo, wosia na makaburi ya mawe, na haiwezekani vyote hivyo vipotee kwa pamoja.

Aliyetufungua macho ni mama mmoja mzee anayejitolea katika chumba cha kusomea nyaraka cha hapa kwetu. Nilipomsimulia habari za laana na za picha zinazoshuka ukutani, aliniuliza swali moja tu: je, mama yake baba mkwe alikuwa akiimba? Nilikuwa sijui. Nilimuuliza baba mkwe jioni hiyo, naye akasema ndiyo, mama yake aliimba kwa miaka mingi katika kikundi cha opera cha mji wao, watu wa kawaida waliokutana baada ya kazi. Tuliliteremsha kutoka darini sanduku la vitu vya marehemu, na ndani yake, kati ya barua na vitambaa vya kufumwa, palikuwa na kijikaratasi cha programu ya onyesho kilichokunjwa mara nne, chenye mafuta ya kidole pembeni. Onyesho lenyewe lilikuwa *Ruddigore*, opera ya kuchekesha ya Gilbert na Sullivan iliyoanza kuonyeshwa London mwezi Januari 1887. Mahali pa mkasa ni kijiji cha kubuniwa cha pwani ya Cornwall. Mashujaa wake ni mabaroneti waliolaaniwa na mwanamke mchawi, na katika sehemu ya pili picha za mababu zinashuka kutoka kwenye fremu zao. Jina la ukoo wa mabaroneti hao ni Murgatroyd.

Baba mkwe alikisoma kijikaratasi kile kimya, kisha akakisoma tena kwa sauti. Hakukasirika. Aliniambia, "Mwanangu, basi mama alinisimulia mchezo, nami nikausikia kama historia." Nilimjibu kwamba mama yake alikuwa na haki ya kulifurahia jina aliloolewa nalo kulikuta jukwaani, na kwamba sisi sasa tulikuwa tumepata jambo la maana, yaani tulijua mahali ambapo hatutakiwi kutafuta. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa msaidizi wangu wa kwanza katika kazi hii.

Habari ya nembo ni fupi. Wifi yangu alikuwa amenunua mahali fulani karatasi nzuri iliyopigwa chapa ya ngao na simba, yenye maelezo kwamba hiyo ni nembo ya akina Murgatroyd wote duniani. Nchini Uingereza nembo haitolewi kwa jina. Hutolewa kwa mtu, naye huwarithisha wanawe, na chombo kinachosimamia mambo hayo, College of Arms cha London, kimekuwapo tangu mwaka 1484. Watu wawili wenye jina moja wanaweza mmoja akawa na nembo na mwingine asiwe nayo kabisa. Anayewauzia watu karatasi za namna hiyo kwa kutafuta jina tu kwenye kompyuta anachukua fedha zao bure, na nasema hivyo kwa uchungu kwa sababu wifi yangu hakuwa na fedha za kuchezea.

Kazi ya kweli ilianza pale nilipoacha kuuliza ukoo ulikuwa nani na kuanza kuuliza ulikuwa wapi. Kwa jina adimu la Kiingereza swali la wapi ndilo la kwanza, na jibu lake liko katika sensa iliyofanywa usiku wa tarehe 3 Aprili 1881. Sensa hiyo ilinakiliwa yote na watu wa kujitolea mwishoni mwa karne ya 20, jina kwa jina, pamoja na umri, kazi na mahali pa kuzaliwa, na kwa hiyo unaweza kuhesabu wenye jina fulani katika kila wilaya. Nilichukua ramani ya wilaya za wakati ule na penseli ya rangi, nikaanza kujaza.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Ukihesabu vichwa tu, London itakupotosha, maana karibu kila jina lina watu London. Mji ule ulikuwa umevuta watu kutoka kila pembe. Inafaa kugawanya idadi ya wenye jina kwa idadi ya wakazi wote wa wilaya, ili uone jina limekolea wapi. Nilipofanya hesabu hiyo London ilififia mara moja, na rangi yote ikakusanyika West Riding, yaani sehemu ya magharibi ya Yorkshire: Halifax katikati, kisha Bradford na Keighley pembeni, na michirizi ikivuka milima ya Pennine kuingia Lancashire. Nilimwonyesha mume wangu ramani hiyo usiku, naye akaitazama muda mrefu. Kutoka nyumbani kwetu hadi katikati ya rangi ile ni safari fupi ya basi.

Sababu ya jina kubaki palepale kwa karne nyingi inaeleweka ukijua maisha ya bonde la mto Calder. Ardhi ya huko ni ya mteremko na haitoi nafaka nyingi, lakini familia ilikuwa na ng'ombe wachache, kipande cha shamba na kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia, ndani ya nyumba, na kitambaa cha sufu kikauzwa Halifax. Mtoto wa kiume hakulazimika kuhama ili ale. Aligawiwa sehemu ya nyumba na kitanda chake cha kufumia. Viwanda vya mashine vilipokuja, navyo vilijengwa kwenye mabonde hayohayo kwa sababu ya maji, na mmoja wa wenye viwanda wakubwa wa Luddenden katikati ya karne ya 19 alikuwa John Murgatroyd. Ndiyo maana hata majirani wa jina hili kwenye daftari ni walewale kila karne: Sutcliffe, Greenwood, Barraclough, Crabtree, na akina "royd" wote, yaani Ackroyd, Holroyd, Boothroyd, Learoyd.

Kutoka kwa baba mkwe kurudi hadi 1881 na kutoka hapo hadi 1837, mwaka ambao serikali ilianza kuandikisha vizazi na vifo, ni kazi ya vyeti tu. Kila cheti kilitugharimu pauni chache, na jumla yake ilikaribia bei ya viatu vizuri vya mtoto, ingawa tungeweza kutumia nusu ya hapo kama tungejua mapema kwamba faharasa mpya ya ofisi ya usajili inaonyesha jina la ukoo la mama mzazi tangu mwaka huohuo wa 1837. Ukiwa na jina la mama, huhitaji kununua vyeti vya akina John wote ili ubahatishe wako. Unanunua kimoja, nacho ndicho.

Kwenye sensa za zamani zaidi tulikwama, na kukwama kwenyewe kulinifundisha ujanja ninaojivunia. Babu mmoja alikuwapo mwaka 1861, akawapo mwaka 1841, lakini mwaka 1851 alitoweka na mke na watoto wote. Wengi wangesema alihama. Mimi nilijua kwamba karani wa sensa aliandika alichokisikia, na kwamba mnakili wa siku hizi aliandika alichokiona, kwa hiyo jina limepita katika sikio la mtu mmoja na jicho la mwingine. Nilianza kutafuta kwa alama ya nyota mahali pa irabu, yaani M*rg*tr*d, na hapo wakatokea akina Mergatroyd, Margatroyd, Murgetroyd na Murgitroyd, lakini wangu hakuwamo. Ndipo nilipoliacha jina la ukoo kabisa. Niliandika majina ya kwanza tu ya watoto, umri wao, na mahali pa kuzaliwa kuwa Warley, karibu na Halifax, kwa kuwa familia yenye Hannah wa miaka tisa, Jonas wa miaka sita na Grace wa miaka mitatu katika kitongoji kimoja haiwezi kuwa ya watu wawili. Ikatokea mara moja. Herufi ya kwanza ilikuwa imesomwa W badala ya M, kwa hiyo nyota zangu zote zisingeweza kuwapata hata ningekesha. Nilipoifungua picha ya ukurasa wenyewe, M ya karani ilikuwa na mkunjo wa wino juu yake, na sikumlaumu mnakili.

Nitaongeza hapa, kwa ajili ya anayefika 1841, kwamba sensa ya mwaka huo iliwapunguzia watu wazima umri hadi kwenye tano au sifuri iliyo chini, hivyo mtu wa miaka 39 ameandikwa 35. Usimkatae babu yako kwa sababu hiyo. Na mahali pa kuzaliwa hapakutajwa, ila kama ni ndani ya kaunti au nje yake.

Nyuma ya 1837 unaingia katika vitabu vya parokia, ambavyo viliamriwa viandikwe tangu mwaka 1538. Parokia ya Halifax ilikuwa mojawapo ya parokia kubwa kuliko zote nchini, yenye vitongoji zaidi ya ishirini na makanisa madogo yaliyotapakaa milimani, kwa hiyo mtoto wa Warley angeweza kubatizwa Halifax, Luddenden au Sowerby. Tena watu wa bonde hili wengi hawakulipenda kanisa la serikali. Walikuwa Wabaptisti, Wamethodisti na wengineo, na watoto wao waliandikwa katika vitabu vya makanisa yao, ambavyo vingi vilikusanywa na serikali miaka ya mwisho ya 1830 na leo vimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Ndoa ni habari nyingine: sheria iliyoanza kutumika mwaka 1754 iliwalazimisha wote isipokuwa Wakweka (Quakers) na Wayahudi kufunga ndoa katika kanisa la parokia. Ndiyo maana unaweza kumwona mtu akioa katika kanisa la Anglikana na watoto wake wote saba wasionekane humo hata mmoja. Mtaalamu mmoja niliyemlipa ada ndogo aliniandikia kwamba familia hiyo "haikuwa na watoto". Watoto saba walikuwa kwa Wabaptisti, na mmoja wao ndiye babu wa mume wangu.

Mtaalamu huyohuyo aliniambia pia kwamba kuna kosa kwenye kitabu, kwa kuwa mtoto mmoja aliandikwa kubatizwa Novemba 1690 na kuzikwa Februari 1690. Hakuna kosa. Hadi mwaka 1752 mwaka mpya wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari ilikuja baada ya Novemba katika mwaka uleule. Mtoto yule aliishi miezi mitatu.

Sehemu iliyonipa furaha kuliko zote ni ile ya akina John watatu. Mwanzoni mwa karne ya 18 walikuwapo John Murgatroyd watatu wenye umri unaokaribiana katika bonde moja, wote wafumaji, wawili kati yao wake zao wakiitwa Mary, na kitabu cha parokia hakikuwatenganisha. Vyeti havikuwapo, sensa haikuwapo. Niliamua kwamba watu hawa watatenganishwa na mali zao. Wosia za Yorkshire za kabla ya 1858 zimehifadhiwa katika Taasisi ya Borthwick, Chuo Kikuu cha York, na pamoja na wosia mara nyingi kuna orodha ya vitu vya marehemu iliyoandikwa na majirani waliopita chumba kwa chumba. Niliagiza nakala, nikalipa, nikasubiri. Ilipofika ilikuwa karatasi ndefu nyembamba ya mwandiko wa kulalia upande. Jirani mmoja alianza na kibeti cha marehemu na nguo zake, akaingia chumba cha chini akahesabu meza, viti na birika la shaba, akapanda juu akakuta vitanda viwili vya kufumia, sufu iliyochambuliwa na nyingine ambayo bado, akatoka nje akahesabu ng'ombe. Katika wosia wenyewe marehemu alimwachia kitanda kimoja cha kufumia mwanawe John "wa Saltonstall". Saltonstall ni kitongoji cha Warley. Neno hilo moja lilimtenga John wetu na wenzake wawili, na nilimpigia baba mkwe simu usiku uleule bila kujali saa.

Kuhusu jina lenyewe, sehemu yake ya mwisho haina ubishi: "royd" katika lahaja ya bonde hili ni mahali palipofyekwa msitu ili palimwe. Kuhusu sehemu ya kwanza wataalamu wametoa maelezo mawili. Wapo wanaosema ni njia ya kwendea nyanda za juu, kwani huku kaskazini "gate" ni njia, neno lililoletwa na Wadenmark na Wanorwe waliohamia, wala si lango. Wapo wanaosema ni jina la mwanamke, Margaret, yaani shamba lililofyekwa la Margaret. Mimi nilipoona jinsi makarani wa karne ya 14 walivyoliandika, niliegemea kwa Margaret, na binti yangu amefurahi zaidi yangu. Linalojulikana ni kwamba mwaka 1371 anatajwa Johanus de Morgateroyde, konstebo wa Warley, na miaka michache baadaye, mwaka 1379, watu wa West Riding waliandikwa kwa ajili ya kodi ya kichwa, wakati ambapo majina ya ukoo huku kaskazini yalikuwa bado yanatulia. Kodi ya kichwa ilichukiwa Uingereza kama ilivyochukiwa kwetu, lakini makarani wake wametuachia majina ya watu maskini ambao hakuna mwingine angewaandika.

Ukoo huu haukukosa watu wakubwa, ila hawakuwa wa Cornwall. Miaka ya 1630 James Murgatroyd, mfanyabiashara tajiri wa vitambaa vya sufu kutoka Warley, alinunua East Riddlesden Hall karibu na Keighley, akalijenga upya katika muongo uliofuata. Jumba hilo liko mikononi mwa National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, tangu mwaka 1934 na lina kiingilio. Nenda uone. Kwenye ukuta wa jengo la pembeni pamechongwa mwaka 1642, mwaka vita vya mfalme na bunge vilipoanza, pamoja na maneno ya Kifaransa ya kumtakia mfalme maisha marefu na vichwa vya Charles I na malkia wake. Baba mkwe alisimama mbele ya maandishi hayo akasema kwamba huyo alikuwa jasiri au mjinga. Uhusiano wetu na James ni wa ujirani wa Warley. Sijauandika kuwa wa damu na sitauandika bila hati.

Suala la damu nalo tulilishughulikia. Jina la Kiingereza hushuka kwa baba, na kromosomu Y, sehemu ya vinasaba waliyo nayo wanaume, nayo hushuka kwa baba, kwa hiyo viwili hivyo vinaweza kulinganishwa. Mwaka 2000 utafiti wa Oxford uliwapima wanaume wenye jina la Sykes, nalo ni la West Yorkshire, ukakuta karibu nusu wana kromosomu ya namna moja. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester walipima majina 40 wakathibitisha kwamba jina linavyozidi kuwa adimu ndivyo wenye jina wanavyoelekea kuwa na babu mmoja, huku akina Smith wakiwa hawana undugu zaidi ya watu waliookotwa barabarani. Mume wangu alipima, na Murgatroyd mwingine wa upande wa Keighley ambaye hatukuwa tumewahi kukutana naye alipima pia, nao wamelingana.

Watafiti haohao wa Leicester mwaka 2007 walitangaza jambo ambalo nililisoma nikiwa nimesimama. Katika jina moja adimu la East Yorkshire, wanaume saba kati ya kumi na wanane waliopimwa walikuwa na kromosomu Y ya aina iliyokuwa ikijulikana kwa watu wachache tu wa Afrika Magharibi. Walikuwa Wazungu wa kijijini, hakuna aliyejua, na nyaraka zao zilirudi hadi mwishoni mwa karne ya 18 katika Yorkshire hiyohiyo. Nilimsomea binti yangu. Siku aliyowasilisha kazi yake darasani, mwenzake alimwuliza kama kweli yeye ni Murgatroyd, naye akataja Warley, Saltonstall, John mfumaji na wosia wake, kisha akataja Tanga na babu zake wa Tanga, kwa mpangilio mmoja, bila kusoma.

Sasa wifi yangu anataka nimtafutie upande wa mama yake, ambao ni akina Sutcliffe. Nimemweleza kwamba hiyo ni kazi ya aina nyingine, kwa sababu Sutcliffe wamejaa bonde zima, na kila kaburi la tatu katika kijiji cha Heptonstall ni lao. Nimemwomba aanze na cheti cha ndoa cha bibi yake, aandike jina la shamba kila linapotajwa, na karatasi ya simba aiweke kwenye droo.